Barafu angani Kisumu? Ipo, ila huenda haiko unakoitafuta

Ukisimama Maseno saa nane mchana, mguu mmoja kaskazini mwa Ikweta na mwingine kusini, jasho likikutiririka mgongoni, kisha mtu akuambie kwamba kilomita tatu na kitu juu ya utosi wako maji yanaganda, utamwona mzushi. Mwendo huo, kama ungekuwa wa barabarani, boda angekufikisha kabla hujamaliza kubishana naye bei.

Ubishi wa barafu na ndege nimekuwa nikiusikia Kisumu tangu Agosti 2024, ile video ya ndege ya abiria iliyoanguka Vinhedo, Brazil, ilipopita simu hadi simu. Ndege yenyewe, aina ya ATR 72, ilishuka ikizunguka kama jani kavu, na watu 62 wakafa. Kinasa sauti kilimnasa rubani msaidizi akitaja barafu nyingi. Hapo vijiwe vikagawanyika. Wako waliosema Brazil ni nchi ya joto kama yetu, kwa hiyo habari ya barafu ni kisingizio cha wakubwa. Wengine wakaruka upande wa pili: kumbe hata hizi ndege zinazotua hapa kwetu, na vile vindege vya wanafunzi wa urubani vinavyopita juu ya ziwa, vimo hatarini kila siku iendayo kwa Mungu.

Pande zote mbili zimekosea, na kosa lao lina mzizi mmoja. Neno barafu, kwa rubani, linabeba mambo matatu yasiyofanana: barafu inayoshika mwili wa ndege, barafu inayojijenga ndani ya injini, na mvua ya mawe. Kila moja ina mahali pake, ina dawa yake, na inamdai mwalimu wa urubani busara ya namna yake.

Ya tatu niitoe njiani mapema. Mvua ya mawe wakulima wa chai wa Kericho na Nandi wanaijua kuliko rubani yeyote. Ukanda wao unatajwa duniani miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mawe mara nyingi zaidi. Mchana upepo wa ziwa hupanda kuelekea nyanda za juu ukiwa umebeba unyevu, na mawingu yanatutumka kama unga uliotiwa hamira kupita kiasi. Jiwe la barafu likiigonga ndege, hicho ni kipigo tu. Halishiki wala haligandi. Dawa ni kutoliingia wingu la namna hiyo na kutopita chini yake. Basi.

Sasa turudi kwenye ile ya kwanza.

Hewa hupoa kadiri unavyopanda, kama nyuzijoto mbili kwa kila futi 1,000. Uwanja wa ndege wa Kisumu uko futi 3,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzijoto 28, panda futi 12,000 kutoka hapo, piga hesabu, utajikuta na nyuzi nne hivi, karibu na sifuri. Ndiyo maana katika nchi za Ikweta mstari wa kuganda huelea karibu futi 15,000 au 16,000, mwaka mzima, wakati kule Ulaya na Marekani ya kaskazini majira ya baridi huushusha hadi ardhini kabisa. Mlima Kenya, wenye futi 17,000 na ushei, unaupita mstari huo, na theluji ya kileleni ni ushahidi. Mlima Elgon, wenye futi 14,000 na kidogo, hauufikii.

Lakini baridi peke yake haiumbi barafu kwenye ndege. Hewa kavu ya nyuzi kumi chini ya sifuri haina cha kugandisha. Panatakiwa maji, tena maji ya aina ya ajabu kidogo. Umewahi kununua soda kwenye duka lenye friza kali? Chupa inatoka ikiwa na soda ya majimaji kabisa, unafungua kizibo, na mbele ya macho yako inageuka ghafla kuwa uji wa barafu. Ilikuwa imeshapoa kupita kiwango cha kuganda, ila ilikosa kitu cha kuishtua. Matone ya wingu ni hivyo hivyo. Ni madogo na safi, hayana pa kushika, kwa hiyo hubaki maji hata kwenye nyuzi kumi au ishirini chini ya sifuri. Kisha inakuja ndege. Bawa lake ndilo kile kizibo: tone likiligusa, linaganda papo hapo, au linatambaa kidogo likiganda.

Matone madogo hutoa barafu nyeupe, yenye chembe chembe, kama ile inayoota kwenye kuta za friza. Matone makubwa hutoa barafu ya kioo, ngumu, isiyoonekana upesi, na hiyo ndiyo mbaya zaidi kwa sababu hufuata umbo la bawa ikirudi nyuma hadi mahali ambapo vifaa vya kuiondoa havifiki.

Watu wengi hudhani kinachoangusha ndege ni uzito wa barafu. Hapana. Bawa hubeba ndege kwa sababu hewa hulipita kwa utaratibu, imelilalia kama shuka kitandani. Tandika juu yake kitu chenye ukwaru, hewa inabanduka. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani hueleza kwamba barafu nyembamba yenye ukwaru wa msasa wa fundi seremala tu inaweza kupunguza uwezo wa bawa kubeba kwa asilimia 30 na kuongeza ukinzani wa hewa kwa asilimia 40. Msasa tu! Na ndege iliyozoea kubebwa hadi kasi fulani ya chini, sasa bawa linaachia, yaani linaacha kuibeba, mapema, kwenye kasi ambayo jana ilikuwa salama.

Sasa sikiliza jambo ambalo vijiweni halisemwi. Cessna 172, ndege ya mafunzo inayojulikana kuliko zote, uwezo wake wa kupanda unaishia karibu futi 14,000. Yaani hapa kwetu, siku za kawaida, inachoka kabla haijaufikia mstari wa kuganda. Mwanagenzi anaweza kujifunza urubani Kenya, akasafiri Nairobi, Nakuru, Eldoret, Kisumu na kurudi, akapata leseni yake, na asione hata punje ya barafu kwenye bawa. Mwalimu wake naye huenda hajawahi kuiona.

Hapo ndipo penye kazi ngumu, na nakiri ndipo palipofanya niiandike makala hii. Unamfundishaje mtu kuogopa kitu usichoweza kumwonyesha? Mwalimu wa Minnesota, jimbo la baridi kali Marekani, akitaka mwanafunzi aijue barafu, tatizo lake ni kuikwepa isimpate kila Januari. Mwalimu wa hapa ana tatizo la kinyume. Kijana anatoka mikononi mwake akiwa na saa mia mbili na kitu za kuruka, anaajiriwa kama rubani msaidizi kwenye Caravan au Dash 8, na ghafla anakaa kwenye kiti cha ndege inayoweza kuupita mstari ule ndani ya dakika chache. Caravan, punda wa kazi wa viwanja vidogo vya Kenya, ilihusika na ajali kadhaa za barafu katika nchi za baridi, hadi Marekani ikaiwekea masharti ya kasi ya chini na ya kuikimbia barafu inapozidi ile nyepesi. Kijana wetu atayasoma masharti hayo kwenye kitabu cha ndege. Kama mwalimu wake wa kwanza alilipitia somo la barafu kwa kusema "hili la wazungu, likariri tu kwa ajili ya mtihani", atayasoma hivyo hivyo.

Nimesikia pia hoja kwamba mwalimu hodari angemchukua mwanafunzi akaingia naye kwenye wingu lenye barafu kidogo, "aonje". Hoja hiyo ina mvuto kama wa kumfundisha mtoto kuogelea kwa kumtupa ziwani Dunga. Ndege nyingi za mafunzo hazina kibali cha kuingia mahali panapojulikana kuwa na barafu, hazina mpira wa kuivunja wala kimiminika cha kuizuia. Na zile zenye kibali, kibali chenyewe kinaeleweka vibaya. Kinampa rubani muda wa kutoka. Hakimpi ruhusa ya kukaa humo, na kwa barafu kali hakuna ndege yenye kibali, iwe kubwa ama ndogo.

Kwa hiyo kama uko Kisumu na unataka kujua ni barafu ipi inayoweza kumpata mwanagenzi leo jioni, acha kutazama mabawa. Tazama koo la injini.

Mafundi wa boda wanaijua kabureta vizuri: pale ndipo petroli inapochanganywa na hewa kabla ya kuingia kuungua. Ndege nyingi ndogo za mafunzo, Cessna 152 na Piper za aina ya PA-28 kwa mfano, bado zinatumia kabureta. Cessna 172 za zamani pia. Zile zilizotengenezwa tangu katikati ya miaka ya 1990 huingiza mafuta kwa sindano na hazina tatizo hili. Ndani ya kabureta kuna sehemu nyembamba, koo, ambako hewa hulazimika kupita kwa kasi, na ikipita kwa kasi inapoa. Hapo hapo petroli inanyunyizwa na kugeuka mvuke, na kioevu kikigeuka mvuke hunyang'anya joto la kilicho karibu. Unakumbuka ubaridi wa pamba yenye spiriti kabla ya sindano hospitalini? Au mtungi wa gesi wa mama wa chapati, unavyotoa jasho na hata kuota ukungu mweupe moto ukiwa mkubwa? Ni jambo lile lile. Ndani ya koo la kabureta joto linaweza kushuka kwa zaidi ya nyuzi ishirini kufumba na kufumbua.

Fanya hesabu. Hewa ya nje nyuzijoto 22, asubuhi tulivu kando ya Ghuba ya Winam, hewa imelowa. Toa ishirini na tano. Umepata barafu, chini ya jua, na abiria wamevaa mikono mifupi. Kinachotakiwa hapa ni unyevu zaidi ya baridi, na unyevu ziwa letu linao wa kugawa. Hewa kavu yenye baridi ya Timboroa inaweza kuwa salama zaidi kwa kabureta kuliko hewa ya vuguvugu ya Kisumu baada ya mvua. Wanafunzi wengi hukataa jambo hili hadi wachorewe.

Dalili zake ni za kichinichini. Injini haikohoi mara moja. Mizunguko inapungua taratibu, kama mtu anayezibwa pua usingizini. Mwanagenzi anaona kasi imeshuka kidogo, anaongeza mafuta kidogo. Imeshuka tena, anaongeza tena. Kwa kufanya hivyo anaificha dalili, mpaka hakuna tena cha kuongeza.

Dawa yake imekaa mbele yake: kishikio cha kuvuta kinacholeta hewa moto, iliyopita karibu na bomba la moshi, hadi kwenye kabureta. Na hapa kuna mtego ambao mtu asiyeambiwa hawezi kuukisia. Ukikivuta, mambo yanaharibika kwanza. Hewa moto ni nyepesi, kwa hiyo injini inapoteza nguvu zaidi. Barafu inayeyuka, injini inameza maji, inatikisika na kukohoa kwa sekunde ambazo huwa ndefu kama foleni ya Kondele saa kumi na mbili jioni. Mkono wa mwanagenzi unataka kukirudisha kishikio pale kilipokuwa, maana kabla ya kukigusa ilikuwa nafuu. Akikirudisha, amejifungia mlango.

"Mwalimu, nimeiharibu?"

"Usikiguse. Subiri."

Sauti ya injini inarudi, safi, na mizunguko inapanda kuliko mwanzo. Mwalimu mzuri hilo hulifanya somo la hiari, juu, penye nafasi ya kutosha ya kutua dharura, kabla halijawa somo la lazima juu ya maji. Kwa sababu pale juu ya maji ndipo litakapokuja. Ndege inayoshuka kuelekea Kisumu kwa upande wa ziwa hupunguza mafuta. Mlango mdogo ndani ya kabureta karibu unafungwa, mwanya unakuwa mwembamba, unapoa zaidi. Wakati huo huo injini haifanyi kazi kubwa, bomba la moshi linapoa, na dawa yenyewe inapungua nguvu. Ndiyo maana kishikio cha hewa moto huvutwa kabla ya kupunguza mafuta. Ukisubiri dalili, huenda hakuna tena moto wa kukuokoa.

Halafu barafu hii ni mwizi anayefuta nyayo. Ndege ikishatua shambani, wachunguzi wakifika na bisibisi zao, barafu imeyeyuka zamani. Wanakuta kabureta safi na injini inayowaka vizuri, na watu wanabaki wakinong'ona kuhusu mafuta machafu au mkono wa mtu.

Busara ya mwalimu yenyewe huanzia chini, mara nyingi mezani, kikombe cha chai mkononi. Taarifa ya hali ya hewa ya uwanja hutoa namba mbili zinazokaa pamoja: joto la hewa, na kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo huanza kutoa maji. Ikiwa ni 31 na 15, hewa ni kavu. Ikiwa ni 23 na 21, zimekaribiana, hewa imejaa. Mwanagenzi hufundishwa kuzitumia kukisia ukungu na urefu wa mawingu. Mwalimu makini huzisoma pia kwa ajili ya kabureta.

Tuseme basi wawili, mwalimu na mwanagenzi, wametoka uwanja wa Wilson, Nairobi, asubuhi, wamefika Kisumu, wamekula samaki, na sasa ni saa tisa. Upande wa Nandi na Kericho mawingu yamesimama kama ukuta. Mwanagenzi anataka kurudi. Ada ya saa moja angani ni maelfu ya shilingi yaliyopatikana kwa harambee ya ukoo, kesho ndege ina mtu mwingine, na kulala Kisumu ni gharama isiyopangwa. Mwalimu naye si malaika. Walimu wengi wa urubani duniani hulipwa kwa saa za kuruka, na wengi ni vijana wanaokusanya saa ili waajiriwe na mashirika makubwa. Kukaa chini hakumlipi yeyote mezani pale.

Kisheria, somo likiwa la wawili, mwalimu ndiye nahodha, hata mwanafunzi akiwa ndiye anayeshika usukani safari nzima. Hukumu ni yake. Lakini akiamua kimya kimya, "tunalala", amemwokoa mwanafunzi siku hiyo moja tu. Wale ninaowaona wanajua kufundisha humwuliza kwanza: kiasi gani cha mawingu kingekufanya ugeuke? Ungegeukia wapi, na kufikia mahali gani? Jibu huandikwa chini kabla ya kuruka, kwa kuwa binadamu aliyeshafika juu ya milima ya Mau hujadiliana na nafsi yake kwa upole mno. Kesho asubuhi, radi za usiku zikiwa zimehamia juu ya ziwa, njia ya nchi kavu mara nyingi huwa haina tena ukuta ule wa mawingu ya radi.

Kuna ajali mbili ambazo ningependa kila mwalimu azijue, maana zote hutajwa kwa jina la barafu. Februari 12, 2009, ndege aina ya Dash 8 ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, na watu 50 wakafa. Usiku huo kulikuwa na barafu, na siku za mwanzo kila mtu aliilaumu. Uchunguzi ulionyesha jambo jingine: kasi ilishuka bila marubani kuitazama, usukani ukatikisika kuonya, na nahodha akavuta pua juu wakati alipaswa kuisukuma chini. Miezi minne haijapita, Juni 1, ndege ya Air France kutoka Rio de Janeiro kwenda Paris ilipenya mawingu ya radi juu ya Atlantiki, si mbali na Ikweta hii hii tunayoipigia picha Maseno. Chembe za barafu ziliziba mirija inayopima kasi kwa muda mfupi, kama dakika moja. Ndege ilikuwa nzima. Rubani aliyekuwa akiiendesha alivuta pua juu, ikapoteza mwendo hadi mabawa yakaachia, na watu 228 wakaishia baharini.

Ajali za Brazil na Atlantiki zinawajibu wale wa kijiweni waliosema nchi za joto hazina barafu. Waliosema tumo hatarini kila siku nao wana jibu, tena liko hapa kwetu. Kwa sababu mstari wa kuganda uko juu sana, rubani wa Kenya aliyepatwa na barafu bawani kwa kawaida ana hewa ya vuguvugu chini yake ya kushukia na kuiyeyushia, mradi anajua mlima uko wapi. Mwenzake wa Buffalo mwezi wa pili anaweza kushuka hadi kiwanjani na bado asiikute.

Ukipata nafasi ya kupanda Dash 8 ya Nairobi hadi Kisumu, omba kiti cha dirishani karibu na bawa. Ukingo wake wa mbele una mkanda mweusi wa mpira. Ndani kuna mifuko ambayo rubani akiamuru hujaa hewa, huvimba na kunywea, na kuibandua barafu kama unavyokunja trei ya plastiki ya friza ili vipande vitoke. Mara nyingi utafika Kisumu haijavimba hata mara moja, na ukitoka mlangoni joto la ziwa litakupiga usoni.